Wapagazi wa Wafaransa

Lituhi, 14 Februari 1937

Kaka Wendelini,

Shikamoo. Binti yangu Serafina naye anakuamkia, ingawa hakujui. Amezaliwa, ameota meno, ameyang'oa, na sasa yuko darasa la pili bila kumwona mjomba wake. Wifi Avelina na watoto wanaendeleaje na baridi ya huko Mbinga? Huku mvua imezidi na muhogo wa bondeni umeoza, lakini usipa wamejaa ziwani hadi mume wangu Tadei anarudi anacheka peke yake. Vyungu vyangu vinatafutwa mpaka ng'ambo ya mto Ruhuhu. Mwezi uliopita vilipasuka vinane kwa mchomo mmoja kwa sababu nilikuwa na haraka. Nimejilaumu, nimemaliza.

Mama yupo. Macho yamepungua, ulimi haujapungua.

Sasa neno lenyewe. Mama anataka matanga ya Baba yaanuliwe mwaka huu. Tangu Baba achukuliwe upagazi katika vita ya Wadachi, mwaka wa kumi na saba, hatukuletewa maiti wala habari. Padre wa hapa amemsomea misa mara tatu na Mama anashukuru, lakini bado amefunga kaniki ya ujane, miaka ishirini sasa, maana matanga kwetu hayaanuliwi mpaka mtoto wa kwanza amnyoe mama yake nywele kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto wa kwanza ni wewe. Kila mwaka tunakuita na kila mwaka una kazi. Kutoka Mbinga mpaka hapa ni siku nne kwa miguu. Wachuuzi wa usipa wanakwenda na kurudi na mizigo kichwani, wewe utakuja mikono mitupu.

Tuambie mwezi. Sisemi siku, nasema mwezi tu.

Mdogo wako,
Emerensiana

*

Mbinga, 20 Machi 1937

Mdogo wangu Emerensiana,

Barua yako niliipokea ikinuka usipa, nikaisoma huku mate yananitoka. Avelina anakusalimu sana. Mtoto wetu wa mwisho alishikwa na kikohozi, sasa amepona na amerudia ukorofi wake. Mimi bado ni karani wa vitalu vya kahawa. Miche ya mwaka huu ni elfu nyingi, na kila Mmatengo anataka ya kwake leo leo.

Mwambie Mama nimesikia. Kazi ni nyingi, lakini nimesikia.

Nina jambo nataka kukuomba, na usinicheke. Bwana Shamba, huyu Mwingereza ninayemfanyia kazi, ana mchezo wake. Kila Jumapili mchana Padre mmoja wa Kijerumani anakuja kutoka misheni kwa baiskeli, wanatandika blanketi la kijani kwenye meza ya chakula, wanaweka vitabu chini yake yawe milima, halafu wanapigana vita. Si vita hii yetu. Ni vita ya Wafaransa na Wadachi ya mwaka 1870, huko kwao Ulaya. Kila mtu ana sanamu ndogo za askari. Wanatupa dadu, wanapima shibiri kujua askari ametembea kiasi gani, na anayekufa anawekewa punje ya kahawa mahali alipoangukia. Mimi ndiye ninayeondoa maiti na kuandika nani kashinda. Wazee wazima, Emerensiana, wanaweza kugombana saa nzima kwa ajili ya kilima cha vitabu.

Shida ni hii. Padre ana Wadachi wake wazuri wa bati, wembamba kama karata, alioletewa na kaka yake. Bwana Shamba hana Wafaransa. Aliagiza kwa kuchagua picha kitabuni, hakuuliza urefu. Walipofika kwa meli walikuwa wakubwa mara mbili ya Wadachi wa Padre. Mfaransa mmoja akisimama anafunika kijiji. Padre alicheka mpaka akavua miwani. Bwana Shamba alikasirika akasema basi hakuna mchezo, nami mdomo ukaniponyoka, nikasema dada yangu ni mfinyanzi.

Nimekukatia kijiti, kimo humo ndani ya bahasha. Huo ndio urefu wao, kisigino mpaka kofia. Koti refu la buluu, suruali nyekundu, kofia ya duara yenye ukingo mbele. Rangi tutapaka huku. Nitumie vielelezo vitatu wachague.

Kaka yako,
Wendelini

*

Lituhi, 2 Mei 1937

Kaka Wendelini,

Shikamoo. Nimecheka. Ulisema nisicheke, nimecheka, na Tadei amecheka, na Mama alipoelezwa ameuliza kama hao wazee hawana wake. Nikamwambia mmoja ni Padre. Akasema huyo tumsamehe, je, huyo mwingine?

Serafina alikuwa na homa ya siku sita, ameamka. Mvua zimekatika. Udongo mzuri uko pale pale chini ya kingo za mto, ila sasa kuna mamba mmoja asiye na adabu, kwa hiyo tunakwenda kuchimba wanawake wanne wanne.

Mwanzo nilitaka kukataa. Nilidhani unanitaka niwafinyange Wadachi. Wadachi mimi siwafinyangi, hata wa zamani, hata wa mchezo. Nilipoona ni Wafaransa nikasema sawa, hao sijawahi kusikia wakimchukua mtu hapa Lituhi.

Nakutumia watatu ndani ya kikapu chenye majani makavu. Mmoja anakimbia, mmoja amepiga goti anapiga bunduki, mmoja amesimama bunduki begani. Bunduki ni vijiti vya mwanzi. Nilijaribu kuzifinyanga kwa udongo, zikakatika zote kabla hata hazijaona moto. Ukiwapaka rangi usiwaloweshe.

Kaka, nilikuuliza mwezi. Umenijibu kijiti. Mama kila nikimaliza kumsomea barua yako husubiri kidogo, halafu huuliza, "Ndio mwisho?" Namwambia ndio mwisho.

Emerensiana

*

Mbinga, 30 Mei 1937

Mdogo wangu,

Pole kwa homa ya Serafina. Mpe kitambaa nilichofungia barua hii, kinamtosha gauni akiwa hajarefuka sana. Huku uchumaji wa kahawa umeanza na mikono ya Avelina haina ngozi.

Wanajeshi wako walifika. Yule anayekimbia alikatika kifundo cha mguu njiani. Niliwapanga wote mezani vivyo hivyo, wakubwa wakakaa kuwatazama kama wanachagua ng'ombe wa mahari. Padre aliwageuza kwenye mwanga akasema mikono hii imezaliwa inajua. Bwana Shamba alitaka wote wawe wa kupiga goti, kwa kuwa anapenda watu wanaofanya kitu. Padre akasema askari wa kupiga goti hawezi kutembea, kila ukimsogeza anaonekana anaswali. Wakaniuliza mimi. Nikasema wachukue waliosimama. Mikono imekumbatia mwili, hapana cha kukatika, na wakipangwa safu wanakaa karibu karibu. Wamekubali.

Basi tufanyie thelathini na watano waliosimama, watano wa kupiga goti, na mkubwa mmoja juu ya farasi. Farasi hujamwona, nimekuchorea nyuma ya karatasi. Shingo ni ndefu kuliko nilivyochora.

Kuhusu lile jambo la Mama, uchumaji utakwisha Septemba. Tutaona.

Wendelini

*

Lituhi, 18 Julai 1937

Kaka Wendelini,

Shikamoo, nyote.

Kikapu kikubwa kina Wafaransa arobaini na mkubwa wao. Kikapu kidogo kina wapagazi wao sitini. Nimewafunga mmoja mmoja kwa majani ya mgomba. Waliopasuka kwenye moto niliwarudia, hakuna pungufu.

Mama ameanguka mlangoni wiki iliyopita akiwa anatoka alfajiri. Hakuvunjika. Anatembea akishika ukuta.

Wachuuzi wamekwisha toa mizigo nje na wana haraka, naishia hapa.

Emerensiana

*

Mbinga, 9 Agosti 1937

Emerensiana,

Salamu kwa wote, na pole nyingi kwa Mama. Nimempa mchukuzi chupa ya mafuta ya kuchua. Mama asitoke peke yake asubuhi, mshikeni mkono.

Wafaransa ni wazuri kupita nilivyotarajia. Farasi ana uso wa mbuzi, lakini Bwana Shamba amempenda vivyo hivyo na hataki abadilishwe.

Sasa niambie, nani alikuagiza wapagazi? Nilivifungua vikapu mbele ya Bwana na Padre kwa kiburi, dada yangu huyu, dada yangu yule, halafu wakatoka watu sitini nusu uchi wenye mizigo kichwani. Bwana Shamba akaniuliza, "Hawa ni Wafaransa gani?" Vita ya Ulaya ilikuwa na magari ya farasi na gari moshi. Hakuna Mfaransa aliyebebewa unga na mtu. Ulipaswa kuniuliza kwanza. Nimeaibika.

Nimewarudisha kikapuni. Nitakurudishia nikipata mtu wa kuja huko.

Wendelini

*

Mbinga, 29 Agosti 1937

Mdogo wangu mpenzi,

Hujanijibu, na sijui kama ni wachuuzi wamechelewa au umenikasirikia. Kama umekasirika una haki. Nakuandikia bila kusubiri zamu yangu, kwa sababu leo ni Jumapili na jambo limetokea mezani nami siwezi kulala nalo.

Bwana Shamba hakukubali niwarudishe wapagazi wako. Alikaa nao siku kadhaa kwenye dirisha la ofisi. Leo akawatoa na kutangaza sheria mpya: askari kumi wasio na wapagazi karibu yao hawasogei. Padre alipinga sana. Alisema mwaka 1870 hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Bwana akamjibu kwamba Wafaransa hawa wametoka Lituhi, na Lituhi vita ndivyo inavyokwenda, anayeifinyanga anajua. Basi nikawapanga nyuma ya safu, sitini wote.

Emerensiana, sikuwa nimewatazama vizuri. Siku ile ya vikapu niliona aibu tu. Leo niliwashika mmoja mmoja. Kuna aliyefungwa jani kidole cha mguu. Kuna anayecheka. Na kuna mmoja hakubeba kichwani kama wenzake, mzigo uko bega la kushoto, shingo imelala kulia. Nilimjua. Tangu lile jipu la shingoni Baba hakubeba tena kwa kichwa. Ulimfinyanga Baba ukamweka katikati ya watu sitini, bila kusema neno. Nikampanga nyuma kabisa, karibu na ukingo wa meza.

Padre akageuza mizinga yake. Kwa kuwa Wafaransa hawatembei bila wapagazi, alipiga wapagazi. Dadu ikatoa sita. Kazi yangu ni kuondoa maiti. Niliondoa watano. Wa sita kwa kipimo alikuwa yule. Mkono wangu ulikwenda ukasimama. Nikasema, "Bwana, huyu hafi." Wakanitazama. Padre akasema dadu ni dadu. Bwana Shamba, ambaye ana huruma zake, akasema, "Basi tuseme amekimbia."

Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Hakukimbia. Aliyekimbia ni mimi."

Kisha nikalia, mbele ya Wazungu wawili, mtu mzima mwenye watoto wanne. Padre aliondoa miwani. Hakuna aliyetupa dadu tena.

Sasa nakuambia, na umsomee Mama, usimfiche hata mstari. Siku askari wa Wadachi walipokuja na jumbe na orodha, jina lililosomwa halikuwa la Baba, Izidori. Lilikuwa langu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimejificha kwenye matete ya mto, karibu kiasi cha kusikia. Jumbe aliita, "Wendelini!" Nikasikia sauti ya Baba ikiitika, "Nipo." Jumbe alitujua sote wawili. Akanyamaza, akamfunga kamba. Nami nilinyamaza. Nilikaa ndani ya matete siku tatu, nikila muhogo wa kuchoma niliokuwa nikiukuta juu ya jiwe, nikidhani labda malaika. Nilipotoka mlikuwa mnalia, nami nikalia na ninyi kama mtu asiyejua.

Ndiyo maana siji. Si kahawa. Nitamnyoaje Mama kwa mkono huu, aanue matanga ya mtu niliyempeleka mimi? Akijua, atachukua wembe mkononi mwangu autupe, na atakuwa na haki.

Nimekwisha sema. Nisameheni au msinisamehe.

Kaka yako,
Wendelini

*

Lituhi, 21 Septemba 1937

Kaka yangu Wendelini,

Shikamoo, shikamoo tena.

Sikukasirika. Mchuuzi aliumwa jino akalala njiani, Litumbandyosi, wiki tatu na barua yako ya kwanza mfukoni, mpaka mwenzake akamkuta na ya pili. Zimefika siku moja. Nilimsomea Mama ile ya kukaripia kwanza, akasema, "Huyo ameanza kuzeeka." Halafu nikamsomea hii ya pili, sikuruka mstari.

Kwanza nikuambie kweli yangu. Sikumfinyanga Baba. Niliwafinyanga wapagazi kwa sababu sijui jeshi lisilo nao. Ulinieleza makoti na kofia, hukunieleza watakula nini, nikaona wanaume husahau hayo. Yule mmoja alipasuka utosini wakati wa kukauka. Nikahamishia mzigo begani na kulaza shingo ili ufa usionekane. Basi. Wewe ndiye uliyemchagua Baba, kaka, kati ya watu sitini. Nimefurahi umemchagua.

Pili, malaika wa muhogo ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Ulidhani nani anajua matete yale? Tulikuwa tunachezea humo.

Tatu, Mama. Alivuta kaniki yake akajifunga upya. Kisha akasema niandike kama anavyosema, nisipambe. Naandika:

"Mwambie Wendelini kwamba jina lake tulilijua siku moja kabla. Jumbe alikuja mwenyewe kutuambia, nikiwa napepeta unga na Izidori anasuka kikapu. Alipoondoka sisi wawili tulitazamana. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia mume wangu, 'Wakiita, itika wewe.' Akasema, 'Nilikuwa natafuta namna ya kukuomba ruhusa.' Matete ni mimi niliyekutuma ukakate, hukumbuki? Nilikutuma ili usiwepo. Miaka yote nimedhani huji kwa sababu mtu amekuambia kwamba mimi ndiye niliyemtoa baba yako, na kwamba umenichukia. Nilitaka uje uninyoe nijue kama umenichukia. Mkono ukitetemeka ningejua."

Ndivyo alivyosema. Sikuwahi kuyasikia mimi pia. Nilikuwa nimekaa nyumba moja nanyi wawili miaka yote kabla hujahama, kila mtu amejifungia na lake.

Njoo. Sikuulizi tena mwezi.

Emerensiana

*

Mbinga, 4 Oktoba 1937

Emerensiana,

Natoka kesho alfajiri. Barua hii ametangulia nayo mtu mwenye miguu myepesi kuliko yangu. Bwana Shamba amenipa mwezi mzima na hakuuliza. Avelina na watoto wote wanakuja, kwa hiyo pikeni sana. Yule mpagazi nimemfunga ndani ya shati langu.

Mwambie Mama nimetia makali wembe.

Wendelini

*

Lituhi, 2 Novemba 1937

Kaka Wendelini,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama, na mvua hazikuwakuta njiani na watoto. Serafina analia kila siku anataka binamu zake, na Tadei anasema nyumba imekuwa kubwa ghafla. Shati lako la pili umelisahau, nitalituma.

Leo ni siku ya marehemu wote. Padre alisoma majina kanisani, na jina la Baba likasomwa kati ya watu waliokwisha lala, si kati ya waliopotea kama miaka yote. Mpagazi wako Mama amemweka dirishani. Anawaonyesha wageni, akiwaambia masikio ya mzee yalikuwa makubwa zaidi na kwamba mimi nimembania udongo. Mkono wako haukutetemeka, amemwambia kila mtu hapa kijijini, hata wasiouliza.

Nina jambo moja la kukuambia, kisha nikachome vyungu. Unamjua Mama. Tangu nina akili zangu, hajawahi kuamka jua likiwa limetoka. Kabla ya jogoo amekwisha kaa mlangoni, uso umeelekea njiani, hata mvua ikinyesha, hata akiumwa. Ndivyo alivyoanguka ule mwezi wa Julai. Basi siku ile mlipoondoka tuliwasindikiza mpaka mtoni, akarudi, akala, akalala. Asubuhi niliamka sikumwona mlangoni. Jua likapanda. Nilikwenda kwake, nikamkuta amelala chali, kichwa chake kilichonyolewa kikiwa juu ya mkono, anapumua taratibu. Nikamgusa bega, nikamwita.

Hakufumbua macho. Akasema, "Niache nilale, mwanangu. Leo simsubiri mtu."

Mdogo wako,
Emerensiana